Peugeot 504 Iliyolala Uani: Kazi Ianzie Wapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya petroli ambayo imekaa uani kwa takriban miaka minane bila kuwashwa. Ndugu zangu wanataka iuzwe kama chuma chakavu, lakini mimi ningependa kuifufua mwenyewe hapa nyumbani, kwa kuwa nina spana na nimezoea kufungua injini za pikipiki. Fundi mmoja ananishauri nifunge betri mpya, nipige stata, nisikie injini inasemaje. Je, nimfuate?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa msiba. Ushauri huo usiufuate. Gari hili lilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, kwa hiyo uimara wake haubishaniwi. Linaloliua ni kusimama, hasa katika hewa ya chumvi ya pwani, kwa sababu ringi za pistoni hushikana na kuta za silinda kwa kutu, na stata ikilazimisha huweza kuzivunja.

Toa plagi zote, mimina oili nyepesi kidogo katika kila tundu, uache kwa siku kadhaa, kisha zungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele ya krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena, usiongeze nguvu. Wakati ukisubiri, mwaga petroli yote ya zamani ukiwa nje, mbali na moto, usafishe tangi na kabureta, kwani petroli iliyochakaa huacha ulimbo unaoziba matundu madogo ya jeti. Badilisha pia oili na mipira yote ya maji.

Jambo ninalokusihi ulishike ni la slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika injini hii slivu za silinda huzungukwa na maji moja kwa moja, na sili zilizo chini yake ndizo zinazozuia maji yasiingie kwenye oili. Ukilazimika kufungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), usizungushe krankshafti kabla ya kuzibana slivu kwa bolti na washa pana, kwa sababu pistoni ikipanda huweza kuinua slivu na kuharibu sili hizo, na hasara yake hutaiona mpaka injini itakapokuwa imefungwa na oili imegeuka rangi ya maziwa. Injini za pikipiki ulizozoea hazikukufundisha tahadhari hii, kwa hiyo iandike ukutani ikibidi. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu: ipeleke karakana ikapimwe kama imepinda, ubadilishe gasketi, ukaze bolti kwa kufuata mpangilio na vipimo vya kitabu cha gari, na kwenye rejeta utumie kulanti (kimiminika cha kupozea chenye dawa ya kuzuia kutu), kwa kuwa maji matupu huila aluminiamu.

Breki mimi ningezishughulikia kabla hata ya kuiwasha injini. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, ambao hutia kutu masta silinda (pampu kuu ya breki) na silinda za magurudumu, na mipira yake hukauka hata kama gari halikutembea. Weka mipira na mafuta mapya, na bomba lolote la chuma lililoliwa na kutu libadilishwe lote badala ya kuungwa. Unapofanya kazi chini ya gari, liegemee stendi imara za chuma, wala usitegemee jeki peke yake.