Jibu: Kommerkiarios na abydikos si cheo kimoja

Umeuliza kama kommerkiarios na abydikos, maofisa wa ushuru wa Milki ya Bizanti, ni majina mawili ya ofisa yule yule. Hapana. Kommerkiarios alishughulika na bidhaa: alitoza ushuru ulioitwa kommerkion, ambao kwa kawaida ulikuwa asilimia 10 ya thamani ya mzigo. Abydikos alishughulika na chombo cha majini na njia yake. Jina limetokana na Abydos, kituo cha ushuru kwenye mlango-bahari wa Dardanelles. Kituo kama hicho upande wa Bahari Nyeusi kilikuwa Hieron. Baadaye hata Thessaloniki ikawa na abydikos wake, kwa hiyo ukiliona jina hilo usidhani moja kwa moja kwamba mtu alikaa Abydos.

Kuhusu kujua mwaka wa lakiri ya risasi uliyotaja (muhuri wa kommerkiarios uliotengenezwa kwa madini ya risasi), hapo ndipo wengi huteleza. Namba iliyoandikwa ni ya indiktio, yaani mwaka ndani ya mzunguko wa miaka 15 unaoanza Septemba 1. Peke yake haitoshi. Lazima uitambue kwanza sura ya mfalme iliyo kwenye lakiri. Ukishapata miaka ya utawala wake, jaribu kila mwaka: ongeza 3, gawanya kwa 15, baki ndiyo indiktio (baki 0 ni 15). Mwaka 731 unatoa 14, lakini hiyo ni kwa Januari hadi Agosti tu. Kuanzia Septemba ongeza moja. Na kama lakiri haina jina la mtu, imeandikwa tu “kommerkia za kifalme” (kommerkia ni wingi wa kommerkion), basi ni ya 730/731 au baadaye.