Kabla ya Sebule, Tafuteni Kaskazini

Wadogo zangu mnaoanza kuchora ramani za nyumba hapa Tanga, nawapenda, na mmenichosha. Mnaniletea karatasi zenye sebule pana, dining, masta, vyumba vya watoto, choo cha pablik, jiko na stoo, halafu hakuna mshale hata mmoja unaoonyesha kaskazini ni wapi. Nikiuliza kiwanja kinatazama wapi, najibiwa kinatazama barabarani. Barabara haiwezi kuwaambia jua litazamia dirisha la nani. Nyumba inayokaliwa kwa raha Sahare mkiigeuza tu na kuipeleka Nguvumali, yaweza kuwa tanuri.

1. Jua na upepo vina njia zake, zifuateni.

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linapita juu sana mwaka mzima, Juni likiegemea kaskazini, Desemba likiegemea kusini. Kuta za pande hizo mbili zinakingika kwa bati tu: likichomoza sentimita 60, kivuli cha saa sita mwezi Juni kinashuka zaidi ya mita moja kwenye ukuta wa kaskazini. Ukuta wa magharibi ndio wenye kazi. Jua la alasiri linaupiga likiwa chini, bati haliwezi kulizuia, tofali linashiba joto mchana na kulirudisha ndani usiku, saa ambayo watoto wanajigeuzageuza kitandani. Magharibi wekeni stoo, bafu, makabati, au baraza pana. Msinipelekee kitanda cha mtoto huko.

Na paa la kuficha linalopendwa siku hizi, lile linalojificha nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, sina ugomvi nalo, ila mkilichora mjue mmeziondoa zile sentimita 60. Wekeni vikingio vya zege juu ya madirisha, la sivyo masika itaingia sebuleni.

Upepo: kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Chumba kiwe na madirisha kwenye kuta mbili. Kikikosa, wekeni tundu la hewa juu ya mlango, maana upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea.

2. Ulizeni nani atakaa humo, na anaishi vipi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili nimeliona likiumiza watu na bado mnalirudia.

Kulikuwa na kijana, mchoraji mzuri, mkono wake mwepesi kuliko wengi wenu. Alipewa kazi ya nyumba ya familia upande wa Kange. Mzee mwenye nyumba alikuwa kazini mbali, wakazungumza kwa simu: vyumba vinne, masta moja, na bibi awe na chumba chake chenye choo. Kijana alikuwa na ramani nzuri aliyokwisha kuichora kwa mteja mwingine. Ile ilitazama magharibi, kiwanja cha Kange kina barabara upande wa kaskazini. Akaizungusha robo duara ili mlango mkuu uelekee barabara, akabadilisha jina la mteja, fundi akaseti msingi. Jamvi, lile zege la sakafu, likamwagwa, kuta zikapanda, masinki ya choo yakafungwa.

Siku moja mzee akaja na mama yake kuangalia nyumba. Alasiri ikawakuta pale. Bibi akauliza kibla, fundi akamwonyesha, akaswali barazani. Kisha akaingia ndani taratibu kuona chumba chake, akafungua mlango wa choo, akasimama. Akamwita mwanawe: "Baba, hiki mmekielekeza kibla?"

Vyoo vyote vitatu. Kutoka Tanga, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, ikiegemea mashariki kwa nyuzi zisizofika 2, kwa sababu miji hii miwili karibu inalingana kwa longitudo: Tanga nyuzi 39, Makka karibu 40. Familia nyingi za Kiislamu hapa kwetu hazitaki choo kinachomfanya mtu akielekee kibla au akipe mgongo. Ramani ya kwanza masinki yalitazama pembeni, salama. Ile robo duara ikayapeleka kaskazini yote.

Mkidhani dawa ni kugeuza sinki, chukueni tepu. Choo kilikuwa na upana wa mita 1.2. Sinki la kukalia linatoka ukutani kama sentimita 70. Lisimamishe kukata upana, mbele yake inabaki nusu mita kabla ya vigae, na goti la mtu mzima linagusa ukuta. Kwa hiyo jamvi lilikatwa, bomba za inchi 4 zikafukuliwa na kupangwa upya kwa mteremko mpya, chemba ya nje ikahamishwa, na ukuta wa choo cha masta ukavunjwa ukasogezwa ndani ya chumba. Kabati la ukutani likapotea. Walikusudia kuhamia kabla ya Ramadhani; waliingia baada ya Idi. Bibi hakumgombeza mtu. Alimwambia yule kijana, "Ungeniuliza, mjukuu wangu, ningekwambia." Kijana alikaa kimya, na mimi niliyeitwa kurekebisha nilimwonea huruma, kwa sababu swali lenyewe halikuhitaji hata dakika moja ya simu.

Kwa hiyo: sinki litazame mashariki au magharibi, na choo kiwe na upana wa kuruhusu hilo tangu mwanzo. Dira ya simu itazameni mbali na nondo, chuma kinaipotosha.

Mkiwa bado kwenye simu hiyo hiyo, ulizeni wageni wao wanapokelewaje. Nyumba zetu za zamani za Ngamiani zina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma, na mama anafanya shughuli zake zote uani bila kukatiza mbele ya wageni. Mnapochora jiko linalofunguka sebuleni kwa sababu mmeliona kwenye picha, mwulizeni mama mwenye nyumba kama analitaka. Wengine wanalitaka. Mlango wa masta usionekane kutoka kwenye makochi. Chumba cha mzee kiwe jirani na choo, na mlango wa sentimita 90.

3. Semeni vipimo vyenu ni vya wapi hadi wapi.

Mita 3 senta kwa senta, yaani katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta wa pili, kwa tofali la inchi 6, ni mita 2.85 za ndani, na plasta inakula tena. Chorani kitanda cha sita kwa sita, kabati na mlango ukiwa wazi. Visipoenea, chumba ni kidogo.

4. Kamba na chokaa kabla ya msingi.

Chora nyumba nzima chini, kiwanjani, familia itembee humo.

5. Shimo la choo lichorwe siku moja na nyumba.

Wengi wenu mnalitupa nyuma, kisha uzio unajengwa, na shimo likijaa gari la majitaka halina pa kupita. Acheni njia ya mita 3 pembeni ya nyumba. Kama kuna kisima, chenu au cha jirani, kaeni nacho mbali, mita 30 mkiweza. Kiwanja kikiwa chembamba, shimo lije mbele karibu na geti, na vyoo vyote vipangwe upande huo tangu mstari wa kwanza.