Miksa ya kujumlisha: maswali kutoka Lamu na Malindi

Wengi mmeuliza kuhusu miksa ya kujumlisha, kile kisanduku kinachopokea sauti kadhaa kutoka kompyuta, kikazichanganya kwa njia ya analogi, yaani kwa umeme wenyewe badala ya hesabu za kompyuta, na kutoa mbili tu, kushoto na kulia. Hizo mbili hurudi kurekodiwa kwenye kompyuta kama wimbo kamili. Haya, tuanze.

Asalaam aleikum, fundi. Intafesi yangu, kile kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, ina matundu mawili tu ya kutolea sauti, yale ya spika. Naweza kuunga miksa hii? (Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam. Kuunga utaunga, lakini hutapata kitu cha kujumlisha. Kompyuta itakuwa imeshamaliza kazi yote ndani. Unahitaji matundu ya kutolea 8 angalau, na 16 kama mfuko unaruhusu, maana miksa kama 5059 Satellite ya Rupert Neve Designs ina njia 16. Kabla ya kukata tamaa, geuza intafesi yako utazame nyuma. Ukiona tundu la kutolea la ADAT (ADAT OUT), waya mmoja wa mwanga hubeba sauti 8 kwa 48 kHz, kwa hiyo unaweza kuongeza konvata ya pembeni, kifaa cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi, bila kuuza uliyo nayo. Bajeti ianzie kwenye konvata, kisha ndipo uulize bei ya miksa.

Shikamoo kaka. Nina taarabu yenye traki zaidi ya 30: udi, kanuni, fidla, akodioni, dumbaki, matari, besi, mwimbaji na waitikiaji. Njia 8 zitatosha? (Malindi mjini)

Marahaba. Zinatosha, ukizipanga jozi jozi. Miksa nyingi za aina hii hazina fada (kitelezo cha kupandisha na kushusha sauti) wala pani (kitufe cha kuisogeza kushoto au kulia): njia ya 1 inakwenda kushoto, ya 2 kulia, basi. Kazi yote ya kupanga unaifanya kwenye kompyuta. Mimi ningeweka dumbaki na matari kwenye 1 na 2, fidla na akodioni kwenye 3 na 4, udi, kanuni na besi kwenye 5 na 6, mwimbaji na waitikiaji kwenye 7 na 8. Besi na mwimbaji wabaki katikati, yaani waende sawasawa kushoto na kulia. Ukimpeleka mwimbaji njia ya 7 peke yake, bila swichi ya mono inayopeleka sauti moja pande zote mbili, atasikika spika moja tu.

Udi na kanuni mara nyingi hufuata melodia ile ile, zikikimbizana nyuma ya mwimbaji. Zikikaa sehemu moja zinafunikana. Vuta udi kushoto kidogo na kanuni kulia, usikie nyuzi za kanuni zinavyojitokeza kabla hujagusa ikwaliza, ile ya kurekebisha sauti nzito na nyembamba.

Na mwangwi wa mwimbaji utoke kwenye jozi yake mwenyewe. Nao ule kompresa (kibana sauti) uliouzoea kwenye masta, njia ya mwisho ya programu, hautagusa chochote, kwa sababu sauti hazipiti tena hapo. Uweke baada ya miksa.

Nimenunua miksa isiyotumia umeme, ya mkono wa pili. Sauti inatoka hafifu mno. Nimeuziwa mbovu? (Shela)

La, hasha. Ndani yake mna rezista tu, na kujumlisha kwa rezista kunaweza kupoteza hata dB 30 au 40. Unga matokeo yake kwenye priampu (vikuza sauti) mbili za maikrofoni zinazofanana, zirudishe nguvu iliyopotea. Zima volti 48 za maikrofoni kabla ya kuunga. Kisha peleka toni ya 1 kHz kushoto na kulia kwa kiwango kimoja, uzungushe gaini (kitufe cha kuongeza nguvu) hadi mita mbili zilingane. Usipofanya hivyo wimbo mzima utaegemea upande mmoja.

Tangu niunge kuna mvumo wa chini. Jirani kanishauri nikate pini ya ardhi kwenye plagi. (Barani, Malindi)

Usithubutu! Pini hiyo ndiyo inayokuokoa kifaa kikipata hitilafu. Mvumo huo ni 50 Hz ya umeme wetu, pengine na 100 Hz juu yake, na mara nyingi huletwa na vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti. Vilete vyote kwenye ekstensheni moja, tumia kebo za balansi (zenye nyaya mbili za sauti na moja ya ardhi), kisha chomoa kebo moja moja hadi mvumo unyamaze.

Walio karibu na bahari wapanguse jeki kwa spiriti ya kusafishia vifaa. Hewa ya chumvi hula chuma polepole, na jeki yenye kutu hukwaruza au hupoteza upande mmoja.

Kweli sauti itakuwa bora? (Mkomani, Lamu)

Itakuwa tofauti. Programu za leo hujumlisha kwa biti 32 au 64, na hesabu hiyo haipotezi chochote cha kusikika. Ladha ya analogi hutoka kwenye transfoma na ampu ndani ya kisanduku. Ukilinganisha, hakikisha matoleo yote mawili yana sauti sawa, maana lenye sauti kubwa mara nyingi ndilo hupendwa. Kwako wewe uliye ndani ya nyumba ya mawe, kuta za matumbawe zilizopigwa lipu huzuia kelele za nje lakini hurudisha mwangwi vibaya sana. Ningenunua magodoro na mazulia ya ukutani kwanza.

Nikirekodi mchanganyiko, spika zinapiga mluzi mkali. (Watamu)

Traki unayorekodia inarudishwa kwenye miksa, ikizunguka bila mwisho. Ielekeze kwenye matundu ya spika peke yake. Zile jozi zako zizungukie -18 dBFS (kipimo cha kompyuta ambacho kilele chake ni 0), na usibonyeze ekspoti ya haraka, kwani faili hilo halitapita kwenye miksa hata kidogo. Taarabu ya dakika 12 itachukua dakika 12 kurekodiwa, na umeme ukikatika dakika ya 11 unarudia. Weka UPS (betri ya akiba) kwenye kompyuta, intafesi na miksa pia. Wengi huikumbuka kompyuta tu.