Miungu wengi au miungu mingi? Na kiapo kinaliwaje?

Swali: *Shikamoo mwalimu. Tuko wanne hapa Shangani, Mtwara, tunaosoma riwaya za Brandon Sanderson wa Marekani, ule mfululizo wenye mashujaa wanaopata nguvu kwa kutamka viapo. Jumamosi jioni tunakutana kwenye kahawa tunabashiri: mungu Honor aliuawaje hasa, huyu Odium, mungu adui yake, atashindwaje, nani atavunja kiapo. Tunajadili kwa Kiswahili na hapo ndipo tunapogombana. Mimi nasema "miungu wengi", mwenzangu anasema "miungu mingi", wa tatu anang'ang'ania "waungu". Tukifika kwenye kiapo, nadhiri, yamini, ahadi na agano ndiyo hatuelewani kabisa. Mimi nazani kiapo na nadhiri ni kitu kimoja. Na yule mbaya wa hadithi tumwite nani?*

Marahaba, mwanangu. Usiogope, sitawamalizia hadithi. Vitabu viko vitano, kuanzia 2010 hadi 2024, na mimi nimesoma cha kwanza tu, kizito kama tofali la kuchoma, nilichoazimwa na mpwa wangu hapa Lindi kwa masharti ambayo sitayataja. Kinatosha kwa maswali yenu.

Nianze na miungu. Umbo la neno ni la M-/MI-, kama mti na miti, lakini Kiswahili sanifu kina mazoea ya kuangalia uhai kabla ya umbo. Ndiyo maana tunasema *mitume walitumwa*, hatusemi *mitume ilitumwa*. Minyoo *wamemsumbua* mtoto. Kwa mkondo huo, *miungu wengi* ni sawa kabisa. Ila mwenzako naye hajakosea, na ushahidi wake anaweza kuuchukua kwenye Biblia ya Kiswahili. Katika Kutoka 20 watu wanakatazwa wasiwe na *miungu mingine*. Katika Matendo 14, watu wa Listra wanapodhani Paulo na Barnaba ni miungu walioshuka, wanapiga kelele kwamba *miungu wametushukia*. Kitabu kimoja, upatanisho wa aina mbili. Ninavyousoma mimi mgawanyo huo, pale pa kwanza miungu ni vitu: vya kuchonga, vya kusimamishwa, visivyojibu. Pale pa pili msemaji anaamini yuko mbele ya walio hai, wana miguu, na pengine wana njaa.

Kwa hiyo hao wa kwenye riwaya yenu, wanaosema, wanaopatana na kuchukiana, ni *miungu wawili wanaopingana*. Mhusika asiyewaamini, anayewaona sanamu tu, mwacheni aseme *miungu hii*. Badiliko hilo dogo la upatanisho litaonyesha imani yake bila mwandishi kuieleza. Na wa *waungu* msimcheke, wapo walioliandika, lakini *miungu* ndilo limeenea na ndilo ningewashauri mshike. Herufi kubwa mwachieni Mungu mmoja.

Kuna jambo jingine hamkuliuliza. Masikioni mwa watu wa huku, mungu anayeuawa anapoteza sifa ya kuitwa hivyo. Bibi yangu wa Newala nilipomsimulia kwamba katika hadithi hii mungu mmoja ameshakufa, aliacha kupeta mchele akaniangalia. "Nnungu afe? Halafu mvua analeta nani?" Kwa Kimakonde ni Nnungu, Wayao wanasema Mulungu, na sijasikia mzee wa lugha hizo akimtajia kaburi. Wanaokufa, wanaokasirika, wanaodai na kubembelezwa tumewapa majina mengine: mizimu, pepo, majini, mashetani. Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe, kabla ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, alisemwa amepandwa na Hongo, na Hongo katika simulizi ni pepo. Watu wa Umatumbi waliong'oa pamba kuanzisha vita ile waliyapokea maji ya dawa kwa nguvu ya pepo huyo. Mngekuwa mnatafsiri riwaya nzima, ningewauliza kwanza kama *mungu* ndilo neno. Kwa mazungumzo ya kahawa linatosha, maana wahusika wenyewe ndivyo wanavyowaita.

Sasa viapo, na hapa nitakaa.

Chukua mkulima wa korosho aliyebanwa na shida mwezi wa sita akapokea hela ya kangomba, yaani ya kuuza korosho kabla hazijavunwa, akakubali kutoa mzigo msimu ukifunguka. Amekula kiapo? Hapana. Ameweka *ahadi*, na anayemdai anajulikana kwa jina na kwa pikipiki yake. Chukua sasa shahidi mahakamani. Kabla ya kusema lolote anaapa. Anayemwambia ni hakimu, lakini anayemtaja ni Mungu. Hicho ndicho *kiapo*: unasema jambo mbele ya mtu na kumweka shahidi aliye mkubwa kuliko wewe, ili ukidanganya, huyo mkubwa akushughulikie. Mahakama zetu zina *hati ya kiapo*, tuna *Kamishna wa Viapo*, na Rais *huapishwa*. *Yamini* ni ndugu yake kiapo kutoka Kiarabu, ambako neno hilo ni mkono wa kulia pia, nalo huliwa vilevile: mtu *hula yamini*. Leo lina harufu ya utenzi kidogo. Mpeni mhusika mzee.

*Nadhiri* ni habari nyingine. Hapa Mungu hayuko pembeni kama shahidi. Yeye ndiye anayepokea. Mama mwenye mtoto mgonjwa anasema akipona nitachinja mbuzi, nitalisha maskini. Hamwambii jirani. Nadhiri *huwekwa*, na angalieni mtego huu: *kuondoa nadhiri* ni kuitimiza. Kitabu cha Mhubiri katika Biblia kinaonya anayeweka nadhiri asikawie kuiondoa, na nimewahi kusoma tafsiri moja ya filamu iliyofanya "ameondoa nadhiri" kuwa ameifuta. Mhusika mwaminifu akageuka msaliti kwa kitenzi kimoja.

Na *agano*? Likateni mlione. Ndani yake mna *-agana*, na hiyo *-an-* ni ya kutendana, haikubali mtu mmoja. Hakuna anayefanya agano peke yake chumbani. Kwa hiyo yale masharti ambayo Odium amefungwa nayo kwa kupatana na mwingine ni agano, au mapatano, au mkataba mkipenda lugha ya ofisini. Si kiapo. Mmoja wenu akija na makisio kwamba Odium atanaswa kwa sababu "amevunja kiapo chake", muulizeni alimwapia nani.

Swali hilohilo, nani yuko upande wa pili, liulizeni kila mara mnapobishana. Ahadi ina mdai, kiapo kina shahidi, nadhiri ina mpokeaji, agano lina mwenzi.

Haya, mashujaa wenu wanafanya lipi? Mwanzoni nilitaka kusema nadhiri, na hoja yangu ilikuwa nzuri. Wanatamka maneno ya kwanza, wanakaa nayo, baadaye ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, na kila hatua inagharimu zaidi ya iliyotangulia. Anayewafahamu Wabenediktini wa Ndanda, walioko huko tangu 1906, atatambua mwendo huo: mtawa huanza na nadhiri za muda, ndipo huweka za daima. Lakini nadhiri inataka mpokeaji, na Honor ni marehemu. Mtu hamwekei marehemu nadhiri.

Kilichonigeuza ni kitenzi. Mbona kiapo *huliwa*? Tunakula rushwa, tunakula njama, tunakula hasara, mtu anaweza kudhani ni mchezo tu wa lugha. Lakini zamani kiapo hakikuwa maneno pekee. Kamusi za zamani zinakipa maana mbili, kuapa na kujaribiwa: mtuhumiwa alitiwa kwenye jaribio la kimwili ili ukweli ujitokeze. Kusini huku, kuvuka Ruvuma hata Malawi, jaribio lililoogopwa ni mwavi, dawa ya gome la mti. Mtuhumiwa aliinywa mbele ya watu. Akiitapika, hana hatia. Ikimbaki tumboni, imempata. Watu wengi walikufa bila hatia yoyote, na sisifu hata tone la dawa ile, lakini tazameni mantiki yake: neno linaingia mwilini, linafanya kazi humo, linamtenganisha mkweli na mwongo kutokea ndani. Nadhani kitenzi *kula* kimebaki kama sufuria ya wakati ule, na chakula chake tumeshakisahau.

Sasa rudini kwenye riwaya. Shujaa anatamka maneno, na nguvu inamwingia mwilini, kidonda kinafunga. Pembeni yake yuko kiumbe aliyefungamana naye, anayesikia kila neno, na kiapo kikivunjwa kiumbe huyo ndiye anayeharibika. Shahidi yupo, mwili upo. Hicho ni kiapo, tena kiapo cha kizamani kuliko hiki cha mahakamani. Semeni *alikula kiapo cha tatu* bila wasiwasi. Na aliyekivunja ni *mvunja kiapo*, wengi *wavunja viapo*. Msiongeze *-ji* na *wa* bila sababu, "mvunjaji wa kiapo" ni refu kwa mtu mwenye haraka ya kukimbia aibu.

Jina la Honor mwenyewe msilitafsiri, majina ya watu hubaki yalivyo. Ila mkitaka kueleza maana yake, nawaomba msikimbilie *heshima*. Heshima kwetu ni kitu unachopewa, shikamoo na kiti cha mbele. Huyu mungu ni wa kushika neno, hata neno likimuumiza mwenye kulishika. Hilo lina jina lake: *uungwana*. Ahadi ni deni, na muungwana halali na deni. Neno lenyewe lina kovu. Katika miji ya pwani hii, Kilwa Kivinje na Mikindani zikiwemo, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na sifa ya kushika neno ikadaiwa kuwa ya walio huru peke yao. Kwenye mfululizo ambao mmoja wa wahusika wakuu anaanza akiwa mtumwa mwenye chapa usoni, kovu hilo halitawadhuru. Litawapa la kubishania Jumamosi ijayo. Odium ni rahisi zaidi, ni neno la Kilatini, yaani *chuki*.

Tumwite nani huyu mbaya? Vitabu vya fasihi shuleni vitawapa *mhusika mpinzani*, neno safi, lisilo na damu. Vibanda vya video viliwahi kulimaliza jambo hili zamani: kuna *stelingi*, na kuna *adui*, na stelingi hafi. Mimi naona *adui* linatosha, na mkitaka utamu zaidi lipo *mbaya wake*. Kiswahili hakisemi tu kwamba fulani ni mbaya. Kinasema fulani ni *mbaya wangu*, kama tunavyosema mlevi mgomvi leo kakutana na mbaya wake. Ubaya huo una mwenyewe. Odium ni mbaya wa Honor, na huenda kwa wafuasi wake ni mkombozi. Hilo "wake" litawalazimisha mseme ni wa nani. *Mwovu* ni hukumu, litunzeni kwa anayestahili. *Jambazi* mwachieni polisi.

Mnachofanya hapo kwenye kahawa ni *makisio* au *ubashiri*. *Nadharia* inabeba mzigo mkubwa kidogo, ingawa sitamkamata mtu, na *nadharia tete*, la wasomi, linafaa pale mnapokuwa na ushahidi wa kurasa. Lakini umeandika "nazani", nami nimengoja mpaka hapa. *Dh* ibaki mahali pake katika maandishi, hata kama mdomoni wengi wetu tunaipitisha kuwa *z*. Tena *nadhani*, *nadharia* na *nadhiri* si ndugu, zinafanana sura tu. Katika *nadhani* hiyo *na-* ni ya msemaji na wakati wake, kiini ni *-dhani*: yeye *anadhani*, sisi *tunadhani*. *Nadharia* na *nadhiri* zilikuja na *n* zao kutoka Kiarabu, kwa mizizi miwili tofauti, moja ya kutazama na moja ya kujifunga.

La mwisho limetoka kwenye makisio yenu mliyoambatisha, sentensi ya nne: "Kisha shujaa akaapiza kumlinda mfalme." *Kuapa* ni kula kiapo. *Kuapisha* ni kumlisha mwingine kiapo. *Kuapiza* ni kulaani. Mfalme huyo amelaaniwa na mlinzi wake mwenyewe, na kama ndivyo mlivyokusudia, basi hayo ni makisio mazuri kuliko yote matatu yaliyotangulia.