Maswali ya Wasomaji: Nguruwe wa Sokoke na kibali cha kuwinda

SWALI: Hamjambo wahariri. Mpwa wangu anaishi Australia, jimbo la New South Wales, na hututumia picha akiwinda nguruwe katika msitu wa serikali, kwa kibali halali. Kwetu nguruwe hutoka msitu wa Arabuko-Sokoke usiku wakafukua mihogo hadi mizizi. Kibali kama hicho nitakipata ofisi gani?
Mkulima, Kakuyuni, Malindi

JIBU: Hatujambo, ndugu mkulima. Hakuna ofisi inayokitoa, si Malindi wala Nairobi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inauhesabu kosa hata kama unatafuta kitoweo tu. Leseni ya bunduki haikusaidii hapa. Hiyo ni ruhusa ya kumiliki silaha, basi.

Mpwa wako yu salama kwa sababu nguruwe anaowawinda si wanyamapori. Ni uzao wa nguruwe wa zizini, walioletwa na Waingereza kuanzia 1788, wakatoroka wakazaana porini. Australia haikuwa na mnyama wa asili mwenye kwato hata mmoja. Wa Sokoke ni nguruwe mwitu, mwenyeji wa msitu kabla ya konde lako na langu.

Na usidhani kule mtu huingia tu na bunduki begani. Kwanza hujiunga na chama cha wawindaji kilichoidhinishwa, akapitia mafunzo, ndipo apewe leseni iitwayo R. Kisha kila safari huomba idhini ya maandishi, ya msitu fulani kwa tarehe fulani, maana idadi ya wawindaji kwa kila msitu ina kikomo. Huibeba idhini hiyo pamoja na kifaa cha GPS chenye ramani ya sehemu zilizofungwa, na huvaa rangi ya chungwa kali ili mwenzake asimdhanie mnyama. Akimfuata nguruwe hadi ng'ambo ya mpaka, idhini yake haifanyi kazi tena.

Turudi kwenye mihogo. Nguruwe haruki, hupenya chini. Wengi hukaza seng'enge tatu kwa juu na kuacha chini wazi. Huo ni ua wa ng'ombe. Tumia wavu wa waya mgumu wa kimo cha mita 1, ukingo wa chini uufukie sentimita 30, au uukunje kuelekea nje na kuukandamiza kwa mawe. Ukiwa na mashine ya umeme wa sola, uzi wa kwanza uwe sentimita 20 kutoka chini, wa pili 45. Majani yakiugusa uzi, umeme huvujia ardhini, kwa hiyo wakati wa masika fyeka kila wiki. Kiangazi kina balaa lake: mchanga ukikauka, chuma cha mashine hiyo kinachochimbiwa ardhini hakishiki vizuri na nguruwe hapigwi na kitu. Ongeza vyuma viwili zaidi, uvimwagie maji.

Kitanzi cha waya usitege. Hakichagui shingo, na msituni humo yumo paa nunga, ambaye ni adimu duniani. Askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, akikukuta nacho, kumwambia ulimtaka nguruwe si utetezi, ni kukiri.

Shamba likiharibiwa, usilifagie. Piga picha za nyayo na mashina kukiwa na rula au jembe kando ili ukubwa uonekane, uripoti KWS, umwite afisa wa kilimo akadirie hasara. Madai huenda kwa kamati ya fidia ya kaunti. Kabla ya kujaza fomu, omba uonyeshwe jedwali la wanyama wanaolipiwa: tembo yumo, lakini si kila mharibifu yumo. Tena sheria humnyima fidia ambaye hakuchukua hatua za kulinda mali yake. Risiti za wavu zihifadhi.

SWALI: Na hawa kurabu, kunguru wa mjini, je? Wanakula vifaranga wangu wote. Nao ni haramu kuwaua?
Mama wa kuku, Malindi mjini

JIBU: Hapa, mama, ndipo tunapofanana kidogo na Australia. Kurabu ni mgeni kutoka Bara Hindi. Alifika Unguja miaka ya 1890, na Mombasa miaka ya 1940. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwapunguza Pwani kwa sumu iitwayo Starlicide. Kazi hiyo ni ya waliopewa ruhusa. Siku kadhaa huweka nyama isiyo na kitu mpaka ndege wazoee, ndipo huitia sumu. Sumu hiyo hufanya kazi polepole, saa nyingi baadaye, hivyo kurabu hafi mbele ya wenzake wakashtuka. Ndege huyu ana akili kuliko baadhi yetu.

Wewe usijitengenezee sumu ya dawa ya shamba. Atakufa mwewe, atakufa mbwa wa jirani, na kurabu ataangalia kutoka mnazini. Vifaranga wafungie chini ya wavu kwa wiki 6 za mwanzo, matumbo ya samaki yafukie, na pipa la taka lifunike.