Ultrasaundi safi, damu haikatiki

SWALI: Shikamoo Dokta. Nina miaka 36. Hedhi yangu hukaa siku nane, na siku ya pili na ya tatu navaa pedi mbili kwa pamoja na bado nachafua shuka. Hutoka mabonge makubwa. Nilipiga ultrasaundi nikaambiwa kizazi ni kisafi, hakuna uvimbe, nirudi nyumbani. Mbona damu haikatiki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kizazi kisafi maana yake hawakuona faibroidi wala polipu, yaani vivimbe vya kwenye kizazi. Si kwamba huumwi, na hii tabia ya kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu inaniudhi.

Kila mwezi utando wa ndani wa kizazi hubomoka, kisha hujengwa upya pamoja na vimishipa vyake vya damu. Ni sehemu chache sana za mwili wa mtu mzima ambako mishipa huota hivyo bila kuwapo jeraha. Vimishipa hivyo vimejisokota kama springi, na hedhi ikianza hutakiwa kujikaza ili damu ipungue. Kwa baadhi ya wenye hedhi nzito, kuta zake zina misuli haba: vimeota lakini havikukomaa, kwa hiyo havijibani sawasawa. Tena utando huohuo hutoa vimeng'enya, yaani kemikali za mwili, vya kuyeyusha damu iliyoganda. Vikizidi, damu inaganda na kuyeyuka, inaganda na kuyeyuka. Ultrasaundi ya kawaida haikuonyeshi hayo.

Dawa iitwayo asidi ya traneksamiki huzuia huko kuyeyuka. Humezwa siku za damu nyingi tu, na yaweza kuipunguza karibu nusu. Kama damu iliwahi kukugandia mguuni au mapafuni, sema kabla hujaandikiwa. Kitanzi chenye homoni kina nguvu zaidi, kwani huufanya utando uwe mwembamba, ila miezi ya mwanzo utaona matone ya hapa na pale, usikimbilie kukitoa. Cha shaba usikiguse, huongeza damu.

Kwanza lakini rudi ukapime wingi wa damu pamoja na feritini, kipimo cha akiba ya madini chuma mwilini. Wingi unaweza kusoma 12, yaani kawaida, na akiba hiyo imekwisha kabisa, nawe unahema ukipanda ngazi. Je, uling'oa jino damu ikachelewa kukata? Mama au dada zako wako hivyohivyo? Basi omba na kipimo cha kuganda kwa damu.

Pedi ikijaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au ukisikia kizunguzungu, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo.