Kikombe kinachomponyoka si kudeka

Pole sana, Mama Baraka. Umeeleza kwamba mwanao wa miaka 7 mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, amezoea maumivu ya miguu, ila tangu juzi vikombe vinamponyoka mkono wa kushoto na kichwa kinamuuma, na shangazi yake anasema anadeka. Hadeki. Usingoje kliniki ya Alhamisi. Mpeleke sasa hivi, hata kama ni usiku, idara ya dharura ya Kenyatta au hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Selimundu huweza kuziba mishipa ya damu ya ubongo, na mtoto hupata kiharusi kama mtu mzima. Ukifika mapokezi, sema hivi kwanza: "Ana selimundu, na mkono umelegea ghafla." Historia ndefu ije baadaye.

Mwanangu, naye mwenye selimundu, ana miaka 11. Mkobani sikosi daftari lililojikunja pembe: tarehe, saa, joto, alichokunywa. Wakati mmoja daktari aliniambia ni uchovu tu, akabadili mawazo alipoona video ya sekunde 20 kwenye simu yangu. Nawe mrekodi akijaribu kufunga kifungo cha shati, lakini iwe mkiwa njiani, msichelewe kwa ajili hiyo.

Hali ikitulia, uliza kuhusu ultrasaundi ya kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwa. Na siku yoyote joto likifika 38.5, hiyo nayo ni dharura.

Niandikie mkishafika. Niko macho.